Jioni Ambazo Kathurima Hakusikiliza Matangazo

Watu wa Nyeri waliomfahamu Kathurima walikuwa na mzaha wao: ukitaka kumwibia mchele, mngoje saa ya matangazo ya vifo. Saa hiyo ya jioni, popote ilipomkuta, awe anatoka Wang'uru na mzigo au amesimama Kagio kununua nyanya za nyumbani, alikuwa akiegesha kando ya barabara, akizima injini na kusogeza sikio karibu na spika. Ungeweza kushusha gunia baada ya gunia nyuma ya pikapu yake na asigeuke. Wenzake walimwita Mzee wa Matanga, ingawa hakuwa mzee. Yeye alitabasamu tu, maana hakuwa mtu wa kujieleza.

Alikuwa Mmeru wa upande wa Nkubu, mrefu, mkimya, mwenye ukaidi wa kutosha watu wawili. Kazi yake ilikuwa kuchukua mchele wa pishori Wang'uru na kuusambaza kwenye maduka ya Nyeri na Nanyuki. Pikapu yenyewe ilikuwa Peugeot kuukuu, aliyoinunua kwa padri mmoja wa Kitaliano aliyekuwa akirudi kwao kuzeeka. Padri hakuwa amebadilisha kitu chochote ndani yake, na Kathurima naye aliapa kwamba hatabadilisha. Hata redio ilikuwa ileile iliyotoka nayo kiwandani, yenye kitufe kikubwa cha kuzungusha na mshale mwekundu nyuma ya kioo. Uzi wa kuvuta mshale ulikuwa umekatika siku nyingi, mshale ukakwama kwenye stesheni ya taifa. Hakuutengeneza, kwa kuwa hakuwa na haja na stesheni nyingine.

Wala hakuwa akisikiliza vifo. Alikuwa akingoja kuitwa na mama yake.

Habari hiyo ilianza na kaka yake, Koome, aliyekwenda Nyeri kuendesha lori la kahawa akarudishwa kwao ndani ya jeneza. Mama yao, Ciokaraine, alimzika kifungua mimba wake na kusema kwamba Nyeri imemla mmoja, haitamla wa pili. Udongo wa kaburi haujakauka vizuri, Kathurima akatokea na habari kwamba amepata kazi Nyeri, na si kazi tu, amepata na mke hukohuko, msichana anayeitwa Ngendo. Ungekuwa wewe ungengoja kidogo. Kathurima hakungoja, aliyasema yote siku moja, mbele ya majirani waliokuja kusaidia kuchuma chai.

"Nenda kwake basi," mama akamwambia. "Na usikanyage hapa mpaka nikuite."

Mama mwingine angekuwa amesahau maneno hayo kabla ya ugali kuiva. Na mtoto mwingine angerudi baada ya mwezi mmoja na kilo mbili za sukari, akacheka, mambo yakaisha. Lakini hao wawili walikuwa wamechongwa kwenye gogo moja. Mama hakuita, mwana hakwenda. Tena kwao neno la mzazi lililotoka kwa uchungu halifutwi kwa salamu za kutumiwa. Hufutwa na kinywa kilichotamka: mzazi humwita mtoto, humtemea mate kidogo kifuani, humwambia yamekwisha, aende akazae na kustawi. Bila hayo, Kathurima aliishi na Ngendo kama mtu anayekaa katika nyumba ambayo hajakabidhiwa ufunguo. Alimpenda sana. Lakini mtoto akipata homa au gari likizima njiani, alikumbuka lile neno la mama yake, na moyo wake ukashuka.

Ngendo hakuwa na kinyongo. Alipojifungua msichana, alifuata desturi ya watu wa kwao, kwamba binti wa kwanza hubeba jina la mama wa baba, akamwita Ciokaraine. Wanawake wa kanisa walimuuliza kama amerogwa, kumpa mtoto jina la mtu aliyemkataa. Aliwajibu kwamba jina halina kosa. Nyumbani mtoto akawa Cio.

Kathambi, dada yake Kathurima, alikuja Nyeri mara moja tu kuwaona. Alimbeba Cio siku nzima. Wakati wa kuagana alimsihi kaka yake aende nyumbani, hata kama hajaitwa, kwa sababu mama anazeeka. Kathurima alikataa. Alimwambia dada yake amfikishie mama ujumbe huu: akimtaka, amtangaze redioni. Hata ahame, hata awe barabarani, yeye hakosi matangazo hata jioni moja. Siku hizo simu ilikuwa ya watu wa ofisini, na ilikuwa kawaida kwa mtu kutafutwa kwa redio. Kathambi aliondoka na maneno hayo, na pia na habari za yule mtoto na jina lake.

Miaka ikaenda hivyo, ikapita kumi. Kila jioni Kathurima alisikiliza majina ya wafu wa nchi nzima, mmoja mmoja, pamoja na wajane wao na wakwe zao na makanisa watakayoombewa. Na kila jioni, jina lake lisipotajwa, alifika nyumbani akiwa mtu aliyetoka kuzika. Alikula bila kusema. Cio alijifunza kunyamaza baba akiingia. Ngendo aliyaona hayo yote, na tuseme ukweli, yalimchosha.

Mwaka huo, ule uliotangulia mvua kubwa za Elinino, kwaya ya kina mama kanisani kwao ilirekodi kaseti. Si ya kuuzwa, ni ya kwao tu, ya kupigwa kwenye harambee ya kujenga madhabahu. Ngendo ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Alikuwa na sauti nzito, tulivu, ya mtu asiyekimbizana na mtu. Alitaka mumewe aisikie, lakini redio yao pekee ilikuwa ile ya gari, na ile haikuwa na mahali pa kutia kaseti. Akampelekea shida hiyo Theuri, fundi wa redio mwenye kibanda cha mabati nyuma ya soko.

Theuri alilitazama gari na kutikisa kichwa. Kutia redio ya kaseti kungetaka kukata dashibodi, na mwenye gari angekufa kwanza. Na hata angekubali, vijana wa mjini wangevunja kioo wiki hiyohiyo. Kisha akakuna shingo, akaingia ndani ya kibanda, akatoka na kisanduku cha bati kisichozidi pakiti ya majani chai. Alisema amekuwa akikijaribu kwa ajili ya gari la daktari mmoja. Kisanduku hicho hupokea sauti kutoka kwa kicheza kaseti kidogo, kile cha vijana cha kutia masikioni, na kuirusha hewani bila waya, ndani ya gari tu. Redio huidaka ikadhani ni stesheni.

Siku alipokifunga, pamoja na kicheza kaseti alichowaazima, alimweleza Kathurima mwenyewe, taratibu.

"Hii mshale yako haisongi," Theuri alisema. "Kwa hivyo nimeweka muziki hapo hapo kwa stesheni yako. Ukitaka nyimbo, washa sanduku. Ukitaka matangazo, zima. Zote mbili haziwezi kuingia pamoja. Hii ya karibu inafunika ile ya mbali."

Kathurima alielewa vizuri sana. Hakuna aliyemdanganya, na fundi hakukosea. Alitaka kukataa, lakini Ngendo alikuwa amesimama mlangoni pa gari, mikono ndani ya aproni, na alisema jambo ambalo alikuwa amelibeba miaka.

"Baba Cio, kila jioni unarudi hapa na uso ya matanga. Wiki moja tu. Sikiza watu wako wenye wako hai."

Akampa hiyo wiki. Jioni ya kwanza alikuwa akitoka Wang'uru, na saa ilipofika mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye swichi ya kisanduku. Ndipo sauti ya Ngendo ikaanza, peke yake, kabla ya wenzake kupokea. Alikuwa ameisikia sauti hiyo ikimwita kula, ikimkemea mtoto, ikihesabu mishono ya sweta. Hakuwa ameisikia namna hii, ikijaza gari zima, naye hana la kufanya ila kusikiliza. Mkono ukarudi kwenye usukani. Alijiambia kwamba matangazo atayasikia kesho.

Kesho yake akajiambia vivyo hivyo. Kaseti ikifika mwisho ilijigeuza yenyewe, ikaanza upande wa pili. Alipita sehemu zote alizozoea kuegesha bila kuegesha. Jioni moja alifika nyumbani na nyama, akiimba sauti ya tatu, na kuimba alikuwa hajui hata kidogo. Cio alicheka mpaka akashika tumbo. Usiku huo Ngendo alimshukuru Mungu kwa kumrudishia mume. Furaha ile haikuwa dhambi, na mtu asije akasema vinginevyo. Ilikuwa furaha ya watu waliokuwa na haki nayo, nayo iliwajia wiki mbaya kuliko zote.

Kwa maana wiki hiyohiyo Kathurima aliitwa.

Majirani walisikia. Mwenye duka la mbolea alisikia, na mhudumu wa pampu ya petroli, na kina mama wawili wa kwaya yenyewe. Hakuna aliyekuja kumwambia, kwani kwa nini umwambie Mzee wa Matanga habari ya redioni? Mtu aliyesikiliza kila jioni miaka yote hiyo angekosa lililo lake? Walipomwona akipita na mchele walidhani kuna mambo ya kifamilia yasiyowahusu. Mmoja alimpa Ngendo pole kisimani. Cio alikuwa na kikohozi siku hizo, na Ngendo akajibu kwamba asante, mtoto anaendelea vizuri.

Aliyemwambia alikuwa Halimo, mfanyabiashara wa Kisomali mwenye duka karibu na soko la mifugo Nanyuki. Kathurima alimfikia wiki iliyofuata, asubuhi, akaanza kushusha magunia. Halimo alitoka nje, akamtazama kama mtu asiyetakiwa kuwa pale.

"Kathurima," akasema, "wewe bado uko huku?"

Kathurima alidhani anataniwa. Halimo hakucheka. Alimwambia kwamba redio imemwita jioni baada ya jioni, yeye, Kathurima wa Ciokaraine wa Nkubu, popote alipo, afike nyumbani, mama yake anamwita.

"Na si wewe peke yako," Halimo akaongeza. "Imesema na bibi yako Ngendo, na mtoto. Mimi nilijua umeenda zamani."

Kathurima aliuliza kama wamemtangaza jana. Halimo alitazama chini. Alisema jana hapana, na juzi hapana.

Magunia mengine yalibaki ndani ya pikapu. Kutoka Nanyuki angeweza kushika njia ya Timau moja kwa moja na kufika kwao mchana huo. Alisimama kwenye njia panda, injini ikinguruma, akashindwa. Mama alikuwa ameita watu wawili. Kwenda peke yake kungekuwa kumwacha Ngendo nje mara ya pili, na safari hii anayemwacha asingekuwa mama bali yeye mwenyewe. Akageuza gari, akarudi Nyeri kumchukua.

Ngendo aliporudi nyumbani alasiri alimkuta amesimama uani. Alipopewa habari alifurahi kwanza, kwa muda mfupi, kwa sababu ametajwa. Alikimbilia kitenge chake kizuri. Wakiwa wamefika Naromoru ndipo alipouliza, imekuwaje hukusikia. Ngendo alitazama dashibodi, akakiona kile kisanduku kikiwaka taa yake ndogo.

"Ni mimi," akasema.

Kathurima alimwambia si yeye, swichi haikuwa mkononi mwake. Lakini Ngendo alikuwa amekwisha kukinyofoa, waya na kila kitu, akakiweka miguuni. Redio ikabaki inakoroma tu, kwa kuwa nyuma ya mlima stesheni ile hudhoofika. Cio, katikati yao, alishika mkono wa kila mmoja.

Saa ya matangazo iliwakuta juu ya Timau, penye mashamba ya ngano. Kathurima hakuegesha. Sauti ilikuja ikipotea, ikarudi safi, na mtangazaji akasoma majina mawili ya watu wa Ukambani, kisha akasoma la Ciokaraine. Alisoma kama wanavyosoma siku zote, na watu wote waliobaki nyuma wakipangwa kwa zamu: mama ya marehemu Koome, mama ya Kathambi, mama ya Kathurima wa Nyeri, mama mkwe wa Ngendo, nyanya ya Ciokaraine mdogo. Mazishi yatakuwa nyumbani kwake.

Ngendo alilia kwa sauti. Alikuwa amengoja kuitwa mke wa mwana wa mtu tangu usichana wake, na sasa ameitwa mbele ya nchi nzima, na aliyemwita hayupo. Kathurima aliendesha macho yakiwa makavu. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye. Yake yalikuwa yamefika tayari na kukaa garini pamoja nao.

Kathambi aliwapokea langoni. Alimkumbatia Ngendo kwanza, akamkumbatia mtoto, na kaka yake akampa mkono. Alingoja mpaka Ngendo amepelekwa ndani kwa kina mama, ndipo akamwambia. Mama alikuwa ameugua kifua mwezi mzima. Alikataa watangaze kwamba anakufa, akasema waseme tu kwamba anaita, mtu haitwi nyumbani kwa vitisho. Jina la Ngendo alilidai yeye mwenyewe. Kila jioni alitaka awekewe redio kitandani, asikie kama limesomwa sawasawa, na likisomwa alisema, "Huyo amesikia. Huyo hakosi." Kisha alitaka abebwe mpaka kwenye kiti cha nje, atazame njia. Hakutaka kunywa uji kabla hawajafika, akihofia kuwapokea kinywa kikiwa kimejaa. Mate yalikuwa ya kubariki.

"Siku ya mwisho alisema nini?" Kathurima aliuliza.

Kathambi alikuwa na hasira, lakini hakuwa katili, na alimsogeza kando ya watu kwanza.

"Alisema, 'Amesikia, amekataa. Na ni haki yake, ni mimi nilianza.' Akaomba tusikutangaze tena, tusikusumbue."

Kathurima alikwenda nyuma ya ghala la mahindi, akalia huko mpaka sauti ikakauka. Hakulia kwa sababu mama amekufa, kwa maana wazazi hufa. Alilia kwa sababu mama yake alikuwa ameshuka kwenye kiburi chake mwenyewe, ngazi kwa ngazi, mbele ya watu wote wenye redio, akamkuta mwanawe hayupo pale chini. Na alikufa akijua jambo lisilo kweli, na hapakuwa na mtu wa kwenda kumrekebisha.

Siku ya mazishi watu walijaa mpaka kwenye migomba. Wengi walikuwa wamesikia redio, na walimtazama Kathurima kwa jicho la kumpima. Mwinjilisti alipomaliza kusoma, aliuliza kama mwana wa marehemu ana neno. Kila mtu alitaka kujua alikuwa wapi.

Ukweli ulikuwa mfupi na alikuwa nao mdomoni. Angesema kulikuwa na kisanduku ndani ya gari. Wangeuliza kisanduku gani, na kimewekwa na nani. Na akisha kusema, wangemwelewa, wangemsamehe, wazee wangemshika bega. Lakini alizijua ndimi za kwao. Kabla ya jua kuzama neno lingekuwa limefika Nkubu sokoni, kwamba mwanamke wa Nyeri alimwimbia mwana wa watu nyimbo mpaka akakosa kumsikia mama yake akifa. Na neno hilo lingekaa na Ngendo, na baada yake likae na Cio.

Alimtazama mkewe, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha mkwe, mstari wa mbele, pahali ambapo marehemu mwenyewe alikuwa ameagiza awekwe.

"Nilisikia," Kathurima akasema. "Siku ya kwanza nilisikia. Mama aliita, na mimi nikaringa. Nilidhani atangoja."

Mnong'ono ukapita kama upepo kwenye mahindi. Mzee mmoja alitema chini, pembeni. Kathambi aligeuza uso. Ngendo, ambaye miaka ya kuishi naye ilikuwa imempa Kimeru cha kutosha, alianza kuinuka, kinywa wazi, na Kathurima akamtazama kwa namna iliyomfanya aketi tena. Kisha akachukua udongo, akautupa, akawapisha wengine.

Waliporudi garini, Ngendo alimshika shati, akamuuliza kwa nini amejisingizia hivyo mbele ya watu wa kwao.

"Mama alikuwa amekuita," akamjibu. "Singetaka ukaribishwe na ufukuzwe siku moja."

Tangu hapo huenda Nkubu kila Krismasi, wote watatu. Ngendo anapendwa sana huko, hata wanawake hugombania kumfundisha maneno mapya. Akifika hupewa kiti ndani na kikombe cha kwanza cha chai. Kathurima hukaa nje kwenye benchi na wapita njia, kwa kuwa huko anajulikana kama mwana aliyeitwa akakataa, na mpaka leo hajamrekebisha mtu.